Mbwa Aliyetunzwa Kama Mzazi

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Ipagala alikuja na begi la nguo, kinu chake, na mbwa jike mzee mwenye rangi ya vumbi. Begi na kinu nilivipokea mwenyewe pale getini. Mbwa sikumgusa. Alishuka kwenye bajaji kwa miguu yake, akanusa cherehani yangu barazani, kisha akajilaza kivulini kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Mimi ni fundi cherehani, Mrangi na Mwislamu wa Kondoa, na kwa malezi niliyopata mate ya mbwa ni najisi. Yakikupata unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Mke wangu ni Mgogo na Mkristo. Tulioana bomani, na miaka yote hiyo hatujawahi kugombana kwa ajili ya Mungu, ingawa kwa mengine tumegombana sana. Siku ile alinikazia macho ajue nitasemaje. Nikasema mbwa wa ulinzi hana tatizo, mradi akae nje. Nilisema hivyo kwa sababu mama yake alikuwa amesimama palepale, na mbele ya mkwe mtu hasemi kila anachokifikiri.

Ukwe wetu una taratibu zake, na hapo Warangi na Wagogo hatupishani sana. Mama mkwe hatupeani naye mkono. Hatuli naye meza moja. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka nina kazi barazani. Nikitaka kumpa kitu, nakiweka juu ya kigoda na kusogea, naye anakuja kukichukua. Chumbani kwake sikanyagi, hata mlangoni sisimami. Mimi namwita mama, yeye ananiita baba, na mambo ya mwili, hasa ya uzazi na ya kike, hayasemwi kati yetu hata kidogo. Hayo hupita kwa mke wangu, kama maji yanavyopita kwenye bomba. Vijana wanaokuja kushonewa suruali huwa wanacheka wakiniona nainuka ghafla na kuacha mguu wa suruali ukining'inia. Nawaacha wacheke. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na heshima hiyo ndiyo iliyonipa mama mwingine nyumbani, hata kama ni mama wa kutazamwa upande upande. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia.

Kabla ya hapo alikuwa akiishi Makutupora. Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa mashamba ya zabibu, na mbwa huyu ndiye aliyekuwa akizunguka naye kwenye mistari ya mizabibu. Mzee alipofariki, mama alibaki peke yake na presha yake, na mara moja jirani alimkuta ameanguka mlangoni mwa jiko, hajui ameanguka tangu saa ngapi. Mke wangu akaenda kumbembeleza. Alirudi bila mama, akaenda tena. Mwishoni mama alikubali, kwa sharti.

"Nitakaa kwenu maadamu huyu yupo," alisema, akimwonyesha mbwa kwa kidevu. "Siku akifa, mimi narudi kwangu."

Tulicheka, mimi na mke wangu, tulipokuwa chumbani kwetu. Baadaye tulikuja kujua kwamba mama si mtu wa kutania kwenye masharti. Kwa hiyo kila mbwa yule alipokohoa, mke wangu aliacha kula. Alikuwa akimpa dagaa wazuri, wale wa kwenye mchuzi wetu, na mimi nilikuwa nakuta mchuzi una nyanya tu. Niliulalamikia mchuzi. Mbwa sikumlalamikia, maana na mimi nilikwisha kupiga hesabu yangu. Mbwa akiwepo, mama yupo.

Tena mbwa ndiye mtu wake wa maongezi. Najua mbwa si mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mke wangu akisemeshwa Kigogo hujibu kwa Kiswahili, tabia ya kazini. Watoto wetu wako shule ya bweni na Kigogo chao kinaishia kwenye salamu. Mimi ndiyo kabisa. Basi alasiri, akishamaliza kuchambua mboga ya mlenda, mama alikuwa akikaa uani na kumsimulia mbwa habari ndefu, nami sikuelewa neno. Kuna mahali kwenye habari hizo alikuwa akicheka peke yake. Nilikuwa napunguza mwendo wa cherehani nimsikie akicheka, halafu naendelea na kola zangu.

Mwezi wa sita, wakati ule upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi mpaka linaingia kwenye sukari, mbwa alianza kunenepa. Mama alidhani ni dagaa. Mke wangu naye alidhani ni dagaa, akafurahi. Kumbe ni mimba, uzeeni namna ile, kwa juhudi za mbwa mwekundu wa jirani ambaye mpaka leo nikimwona nampiga jicho baya.

Ilipofika siku ya kuzaa, mke wangu hayupo. Alikuwa Morogoro kwenye semina ya ofisi yao, simu imezimwa mchana kutwa. Nilimwona mbwa amelala nyuma ya pipa la maji, anahema, anajikaza, hakuna kitu. Siku hiyo ikapita. Asubuhi iliyofuata alikuwa hata kichwa hainui, na upepo ulipogeuka ulileta harufu ambayo sikuipenda. Mama alikuja mpaka kwenye kona ya baraza, akasimama akiitazama fensi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, mwenzangu ameshindwa."

Niliita bajaji. Yeye alipanda nyuma na mbwa amelala juu ya gunia mapajani pake. Kiti kile kinatosha watu wawili na mbwa wao, lakini mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe, kwa hiyo mimi nilichukua bodaboda nikawatangulia. Dereva wa bodaboda aliniuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni wa nyumbani.

Daktari wa mifugo ana chumba chake upande wa Makole, nyuma ya duka la chakula cha kuku. Ni kijana, mpole kwa mikono, ila sauti yake inafaa mnadani. Alimpapasa mbwa tumboni, akatikisa kichwa, akamchukua ndani. Mama alikaa kwenye benchi la nje, mimi nikasimama ng'ambo ya njia chini ya ubao wa vifaranga. Tulingoja hivyo, kila mtu upande wake, mpaka jua likaniondoa pale nikajibanza ukutani.

Alipotoka, daktari alikuja kwangu. Mimi ndiye mwanamume, mimi ndiye niliyekuja na pochi.

"Mzee, watoto walikuwa wamefia ndani," alisema. "Kizazi kimeoza. Nimekitoa chote. Mishipa ya huko ndani nimeifunga kwa uzi, kwa hiyo tumbo hilo lisiguswe, lisikandamizwe, na kidonda kisipate maji. Asiruke, asijilambe. Akivuka wiki hii atapona. Bibi utamweleza wewe, mimi pale nina mtu na ng'ombe."

Kweli alikuwepo mtu na ng'ombe, tena ng'ombe mwenyewe alikuwa amekwisha kukanyaga ndoo. Daktari akaenda. Nikabaki na yale maneno, na benchi lile lenye mama mkwe wangu.

Nilivuka njia. Nilisimama mbali kidogo, nikaitazama kandambili yangu. Nililitafuta lile neno na nilikuwa nalo, liko mdomoni kabisa, na halikutoka, na lile la tumbo lisikandamizwe likakwama nyuma yake. Kumtajia mama mkwe kizazi, hata cha mbwa, ni kumvua nguo. Niliyejifunza hivyo tangu udogoni nisingeweza kujifunza vingine pale Makole kwa dakika moja. Mwenye kutaka kunishangaa anishangae.

"Mama, amepasuliwa tumbo," nilisema. "Watoto wametolewa. Hawakuwa hai. Daktari anasema kidonda kisipate maji, na apumzike."

"Watoto wote?"

"Wote, mama."

Alitikisa kichwa polepole. "Nimesikia, baba. Nitamtunza."

Nikaona nimefikisha ujumbe. Yaliyobaki mke wangu angeyamalizia akipiga simu.

Kwa upepo ule mgonjwa asingeweza kulala nje. Ilibidi aingie chumbani kwa mama, na njia ya chumbani kwa mama inapita sebuleni kwangu. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Niliukunja mswala wangu nikauhamishia chumbani, nikafungua mlango wa mbele wazi, nikaenda kusimama nje mpaka wamepita. Mama aligundua. Jioni nilikuta sakafu yote ya sebuleni imedekiwa, imedekiwa tena, na mlangoni pameachwa bakuli la udongo mkavu uliochekechwa. Nilisimama nikalitazama bakuli lile kwa muda. Sikujua kama anafahamu habari za udongo wetu. Labda mke wangu alimsimulia zamani.

Tatizo lililofuata lilikuwa kujilamba. Daktari alikuwa ameishiwa zile kola za plastiki za kuzuia mbwa asifikie kidonda, akasema tumvishe fulana ya mtoto. Mbwa yule alikuwa na kifua cha mwanajeshi na kiuno cha nyuki, fulana gani ya mtoto ingemkaa. Nikasema nitamshonea. Sasa fundi hashoni bila vipimo, na mimi kumpima simgusi. Niliweka futi yangu ya kitambaa juu ya kigoda. Mama akaja akaichukua, akaingia nayo ndani, na kwa kuwa hasomi tarakimu alifunga mafundo kwenye uzi wa sufu, fundo la shingo, la kifua, la kiuno, la urefu wa mgongo. Akaurudisha uzi kigodani pamoja na futi. Nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya na suti ya mtu aliyekuwa akigombea udiwani, lakini vipimo safi namna ile sijawahi kupewa. Nilitumia mabaki ya kitambaa cha bluu cha sketi za shule, nikaacha nafasi ya mkia, nikaweka vifungo mgongoni ili tumbo libaki laini. Nikaiweka kigodani.

Baada ya muda alisema kutoka ukumbini, "Baba, imemkaa."

"Haimbani kwapani?"

"Haimbani."

Nilifurahi kupita kiasi, nakubali. Kesho yake nilishona ya pili ya kubadilishia, na kwenye hiyo nikaongeza ukanda mweupe shingoni, urembo tu. Nilimsikia mama akimsemesha mbwa kwa Kigogo na katikati nikasikia neno "fundi". Wakacheka, yaani akacheka yeye. Mke wangu alipopiga simu jioni nilimwambia mgonjwa amevaa sare, anangoja kengele ya shule. Nilimweleza pia yote aliyosema daktari, azungumze na mama amfafanulie. Alizungumza naye. Mama alimwambia, "Namtunza kama mzazi," na mke wangu, amechoka na semina yake, akacheka, akasema vizuri mama, endelea hivyohivyo, na ya daktari hawakuyafikia.

Mimi niliyajua hayo baadaye.

Kila asubuhi siku zile mama aliwasha jiko la mkaa mapema, akachemsha sufuria kubwa la maji. Akapika na uji mwepesi wa uwele akautia samli. Maji yakichemka aliyamimina kwenye beseni, akaweka taulo begani, akapita na beseni linafuka mvuke kuelekea chumbani kwake. Sasa mama mkwe akipita na maji ya kuoga, mwanamume mwenye adabu hatazami. Nilikuwa nageuka ukutani. Pale ukutani kuna kalenda ya zamani yenye picha ya maua, na yale maua nayajua mpaka leo kila jani. Nasikia mlango unafungwa, nasikia maji, nasikia mbwa analia kidogo, sauti ya chini, kisha mama anamtuliza kwa Kigogo. Nilidhani mbwa analia kwa kuachwa peke yake pembeni mwenzake akioga.

Alikuwa akimkanda. Mwanamke akijifungua kwetu hukandwa. Taulo linachovywa kwenye maji ya moto, linakamuliwa, linakandamizwa tumboni na kiunoni, damu iliyoganda itoke, tumbo lirudi. Mama alimkanda mke wangu kwa watoto wetu wote. Nilikuwa nikisikia vilio vyake huku nje nakaangiwa chapati na mashemeji. Alikanda wake za wanawe, wapangaji, na jirani wa Makutupora ambaye mtoto wake alizaliwa amekufa. Huyo alimkanda zaidi ya wote, alimwambia mke wangu, kwa sababu aliyekosa mtoto mwili wake unabaki ukimngoja. Ndivyo alivyomfanyia na mbwa. Na alitii agizo nililompa. Kidonda alikifunika kwa mfuko wa nailoni, hakikupata hata tone. Alikanda pembeni yake, juu na chini na ubavuni, kwa mikono ile yenye nguvu ya kusaga na kutwanga maisha yote.

Mke wangu alikuwa arudi siku ya Ijumaa. Asubuhi ya siku hiyo mama alitoka chumbani bila beseni. Alikuja mpaka barazani, karibu kuliko alivyowahi kuja, ameshika fulana ya bluu mkononi.

"Baba, nguo imelowa."

Ilikuwa imelowa damu na kitu kingine. Niliacha cherehani nikaenda mpaka mlangoni mwa chumba chake, pale ambapo sijawahi kusimama, nikatazama ndani. Mbwa alikuwa amelala juu ya khanga, beseni liko pembeni, taulo linaning'inia ukingoni. Ndipo nilipoelewa. Nilitazama mshono kwa jicho la kazi yangu. Uzi wa daktari ulikuwa mzima, mafundo yake yako palepale. Kilichoachia ni kitambaa chenyewe. Ngozi ilikuwa imelainika ikachanika kwenye uzi, na tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kwa damu ya ndani.

Sikupiga simu kwa mtu. Niliinama nikamnyanyua, mikono yangu yote chini yake, kifua chake kwenye shati langu. Alikuwa mwepesi. Alinilamba mkono, mara moja tu, nadhani kwa mazoea ya kushikwa na watu. Nilitoka naye getini nikasimamisha bajaji ya kwanza, na mama akapanda, na mimi nikapanda. Tuliketi bega kwa bega mpaka Makole. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa na kichwa cha mbwa kilikuwa juu ya mkono wangu.

Daktari alifungua, akaangalia, akasonya. Ile sauti yake ikajaa chumba kizima.

"Nani amelikanda tumbo hili? Hapa pamekandamizwa. Uzi wa ndani umeteleza. Nilisema lisiguswe."

Mama alikuwa mlangoni, khanga imefunika mdomo. Nilimwona anavuta pumzi ya kujibu.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemkanda."

Daktari alinisema mbele ya watu. Mtu mzima, nimekuelekeza vizuri, hukusikia, mnaleta mambo ya nyumbani kwenye kazi ya hospitali. Nilisema ndiyo daktari, ndiyo daktari. Alifungua tena akafunga upya, akanipa dawa, akasema hawezi kuahidi. Kufika nyumbani mama alitangulia kuingia, akaniwekea mlangoni lile bakuli la udongo, na ndoo ya maji. Nilijiosha mikono na kifua nikihesabu mpaka saba, na machozi yakawa yananitoka nikaendelea kuhesabu tu.

Mke wangu alirudi magharibi. Nilimweleza jikoni. Alikaa chini sakafuni na nguo zake za ofisini, akaniambia tusimwambie mama kamwe. Tuseme ni uzee. Mama ana presha, akijua ni mikono yake itamuua. Nilikubali. Nilikuwa nimekwisha kuanza kazi hiyo kabla yake.

Mbwa alikufa kesho yake alasiri, upepo umetulia kidogo, kichwa chake mapajani kwa mama. Nilichimba mimi, nyuma ya mpapai. Ardhi ya Dodoma mwezi wa saba si ya jembe, nilitumia sururu. Mama alimfunga kwenye khanga aliyokuwa amelazwa juu yake, pamoja na ile sare yenye ukanda mweupe. Nilitaka kumwambia kwamba ile nilishona kwa raha, na sikusema.

Siku zilizofuata kimya kilitushinda. Nilikuwa nakanyaga cherehani taratibu alasiri na sisikii kitu kutoka uani. Mke wangu aliomba, akalia, akaita dada zake kwenye simu. Mama aliwasikiliza wote kwa upole na akaendelea kukunja nguo zake. Alisema zabibu za mwezi wa nane zinakaribia na kuna mikono inahitajika shambani. Mke wangu akamuuliza, shambani na presha hiyo? Mama akasema alisema sharti lake mapema.

Asubuhi ya kuondoka, mke wangu akiwa ndani anatafuta dawa za mama, yeye alitoka barazani na begi. Nikainuka ili nimpishe.

"Kaa, baba," alisema.

Nikakaa. Naye akavuta kigoda, kile cha kuwekea vitu, akakikalia mbele yangu. Kwa mara ya kwanza niliona macho yake yana rangi ya kahawia iliyofifia kingoni.

"Pale kwa daktari ulisema uongo."

"Ndiyo, mama."

"Wewe mbwa humshiki. Mimi ndiye niliyemkanda. Daktari aliuliza mimi nikiwepo."

Nilishika mkasi, nikauweka.

"Binti yangu ananiambia ni uzee. Wewe unasema ni wewe. Mimi si mtoto. Sasa niambie, siku ile ya kwanza, mbwa wangu alitolewa nini?"

Nilitazama njiani. Kulikuwa na watu wanapita na madumu. Nilijaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema, na haikuwepo, kama ilivyokuwa haipo siku ile.

"Kizazi, mama. Kilikuwa kimeoza. Alikitoa chote."

Aliniangalia. Nilingoja kuona nimemvunjia heshima kiasi gani. Uso wake haukubadilika, ila mikono iliyokuwa juu ya magoti iligeuka viganja juu, akawa anavitazama.

"Basi hakukuwa na cha kukanda," alisema.

"Hapana, mama."

"Ungeniambia, nisingemgusa."

"Najua."

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Ndilo hilo tu lililokushinda kusema, baba?"

Nikasema ndilo. Aliinuka, akalichukua begi mwenyewe, akaenda kusubiri bajaji getini.